Mmoja Akisukuma, Wanne Wakisukuma: Kanuni za Nguvu na Ushirikiano katika Mchezo wa Mezani

Mhadhara kwa vijana wa Kiwanjani, Isiolo



Naanza na hesabu. Chukueni watu wanne. Kila mmoja wao, akijaribu jambo peke yake, nafasi yake ni nusu kwa nusu. Sasa waambieni wafanye pamoja. Nafasi ya kundi ni ngapi?

Aliyezoea hotuba za umoja atajibu haraka kwamba imepanda. Mimi nasema hatujui bado, maana hatujaambiwa ni kazi gani. Kama ni kukesha wakimsikiliza fisi anayenyemelea zizi, inatosha mmoja tu asikie, na nafasi ya kundi inafika karibu asilimia 94. Kama ni kazi inayotaka angalau wawili kati ya wanne wafaulu, ni asilimia 69. Na kama ni kupita kimyakimya karibu na simba aliyelala, ambapo mmoja akikanyaga kijiti kikavu wote wameonekana, nafasi inaanguka hadi asilimia 6. Watu ni wale wale na nafasi ya kila mmoja ni ile ile. Kilichobadilika ni kanuni inayosema jitihada ya huyu inaungana vipi na ya yule.

Nilichokuja kusema jioni hii ni hicho tu. Kwenye michezo hii ya kuigiza mezani vijana hubishana sana ni mhusika wa nani mwenye nguvu zaidi. Ni ubishi mtamu, ila swali lenye uzito ni lingine: kazi iliyo mbele yetu inajumlisha nguvu kwa njia gani? Msimamizi asiyejiuliza hilo atawadhulumu wachezaji wake bila kujua, na wao wataondoka wakilaumu dadu.

Kwa wazee wasioujua mchezo, maelezo mafupi. Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja ni msimamizi: yeye husimulia mahali, hali ya hewa, mlango uliofungwa, mto uliofurika. Wengine kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi, pamoja na jina lake, kazi yake, mzigo anaobeba, na alama sita zinazoeleza mwili na akili yake. Mchezaji hutamka mhusika wake anafanya nini. Lisilo na shaka linatokea hapo hapo. Lenye shaka huamuliwa kwa dadu. Hakuna anayemshinda mwenzake, na hadithi moja yaweza kwenda miezi. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa ni Dungeons & Dragons wa Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka mwaka 1974 ukiwa kisanduku chenye vijitabu vitatu. Nakala za mwanzo zilikuwa 1,000 tu.

Na kwa kuwa niko Kiwanjani, najua swali ambalo mzee fulani amelishika mkononi tangu nitaje dadu: je, hii si kamari? Hapa hakuna pesa inayowekwa mezani wala kitu cha kushindania. Hata hivyo sikuja kujifanya mufti. Nyumba isiyotaka dadu, iandike nambari 1 hadi 20 kwenye vipande vya karatasi, ivikunje, ivitie katika bakuli, na kila anayejaribu jambo achomoe kimoja kisha akirudishe. Hesabu haibadiliki hata kidogo.

Tuingie kwenye nguvu yenyewe.

Ile karatasi ya mhusika inataja nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima na haiba. Katika vijitabu vya 1974 alama ya nguvu ilipatikana kwa kurusha dadu tatu za kawaida na kuzijumlisha, kwa hiyo mtu aliangukia kati ya 3 na 18, wengi wakijaa karibu na 10 na 11. Katika toleo la tano, lililotoka 2014 na ambalo wengi wenu mmeanza nalo, mhusika wa mchezaji kwa kawaida hapiti 20. Alama hiyo huzaa nyongeza: toa 10, gawanya kwa mbili, nusu ishushe chini. Mwenye 10 hana nyongeza, mwenye 18 ana 4, mwenye 8 anapunguziwa 1. Unarusha dadu ya pande 20, unaongeza chako, unalinganisha na kiwango cha ugumu alichotaja msimamizi. Jambo rahisi ni 10, la wastani 15, gumu 20, gumu sana 25.

Hapo pana kitu cha ajabu. Kati ya mtu wa kawaida na pandikizi la mtu kuna tofauti ya 4 tu, ilhali dadu yenyewe inatangatanga toka 1 hadi 20. Kwa mlango wa ugumu 15, pandikizi anauvunja mara 10 katika 20, na mtu wa kawaida mara 6. Ndiyo maana usiku wa kwanza wa kucheza lazima pawe na kijana anayeruka kitini: vipi mwanafunzi mwembamba amevunja mlango uliomshinda askari mwenye shingo kama ya fahali? Ana haki ya kuuliza. Dadu ya pande 20 ina sauti kubwa kuliko misuli, na hiyo ni kasoro ambayo watungaji waliikubali kwa makusudi ili kila mchezaji awe na sababu ya kuomba zamu.

Ila kitabu cha toleo hilo hilo kina kipimo cha pili cha nguvu ambacho hakitumii dadu hata moja, na wachezaji wengi hukiruka. Ni kipimo cha mzigo. Zidisha alama ya nguvu kwa 15, utapata ratili ambazo mhusika anaweza kubeba. Zidisha kwa 30, utapata anachoweza kusukuma, kukokota au kuinua. Kwa kilo, mwenye nguvu 10 hubeba 68 na kusukuma 136. Mwenye 18 hubeba 122 na kusukuma 245. Hapa pengo kati ya pandikizi na raia linaonekana waziwazi. Amebeba karibu mara mbili, na hakuna bahati inayoweza kumpokonya.

Kwa nini kinarukwa? Kwa sababu kuhesabu ratili kunachosha, na kwa sababu waliotunga mchezo waliwazia mapango yenye unyevu ambamo maji si tatizo. Matokeo yake wachezaji wajanja huweka alama yao mbovu kabisa kwenye nguvu, maana wameona haina kazi. Mimi nawaambia: ukichezea hadithi yako kaskazini mwa Kenya, rudisha kipimo cha mzigo, na nguvu itapata heshima yake siku hiyo hiyo.

Tazameni. Kanuni za 2014 zinasema mtu anahitaji galoni moja ya maji kwa siku, na mbili kukiwa na joto kali. Mbili ni lita 7 na nusu na kidogo, na lita moja ya maji ni kilo moja. Watu wanne wanaotembea siku nne kutoka Merti wakikwepa mto wanahitaji takriban lita 121. Hiyo ni mitungi sita ya lita 20 na ushee. Mtu wa nguvu 10 hubeba mitungi mitatu akibakiwa na kilo nane za chakula, blanketi na kila kitu kingine. Anayekunywa nusu ya kipimo hana budi kurusha dadu ya ustahimilivu dhidi ya 15, la sivyo anaanza kuchoka, na uchovu huo hujilimbikiza siku hata siku. Ghafla kila mtu mezani anauliza bei ya punda. Sijawahi kuona somo la nguvu linaloeleweka haraka kuliko hilo.

Nikiwa kwenye mzigo, nitaje jambo moja la aibu katika historia ya kanuni hizi. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kiliweka kikomo: mhusika wa kike wa jamii ya binadamu hakuruhusiwa kufikia kilele cha nguvu ambacho wa kiume aliruhusiwa. Kikomo hicho kiliondolewa katika toleo la pili, mwaka 1989. Waliokitetea walisema wanafuata hali halisi ya miili. Hawa ni watu waliokuwa wameruhusu mazimwi, na mtu kuruka kwa maneno ya uchawi, lakini hapo wakakumbuka uhalisia. Binti anayepandisha mtungi kichwani kila alfajiri hahitaji nimweleze zaidi.

Sasa ushirikiano, na hapa nitakaa.

Kanuni ya kwanza kabisa ya kusaidiana kwa nguvu iko katika vile vijitabu vya 1974, katika habari ya milango. Milango ya mapangoni ilikuwa mizito, na mtu aliifungua kwa kurusha dadu ya kawaida ya pande sita na kupata 1 au 2. Yaani nafasi moja katika tatu. Watu hadi watatu waliruhusiwa kujaribu kwa pamoja. Hesabu inasema nafasi yao inapanda kutoka asilimia 33 hadi 70. Lakini kulikuwa na masharti: wote watatu waliopachika mabega mlangoni hawangeweza kuwahi kujikinga kama kuna kitu kinachowasubiri upande wa pili.

Naipenda kanuni hiyo kuliko zote zilizofuata. Imeweka idadi, kwa sababu mlango una upana wake na bega la nne halina pa kukaa. Imeweka na bei, kwa sababu anayesaidia ameacha kufanya kitu kingine. Ndani ya sentensi chache mchezaji anapewa uamuzi wa kweli: tusukume watatu, au tusukume wawili na mmoja abaki ameshika mkuki?

Toleo la tatu, mwaka 2000, lilikuja na njia nyingine. Msaidizi anarusha dadu yake mwenyewe dhidi ya ugumu 10. Akifaulu, anamwongezea mwenzake 2. Wakiwa wasaidizi wengi, zinaongezeka. Chukueni wasaidizi kumi wa nguvu 10: kila mmoja hufaulu mara 11 katika 20, kwa hiyo kwa wastani watano au sita watafaulu na yule anayeongoza atapata nyongeza ya 11 hivi. Kwa nyongeza hiyo jambo la ugumu 25, ambalo asingeligusa peke yake, sasa linamwezekania. Kundi limepandisha dari. Kitabu chenyewe kiliona hatari yake, kikamwachia msimamizi ruhusa ya kuweka mpaka wa wasaidizi.

Toleo la 2014 lilifuta jumlisha hizo zote. Ukisaidiwa, unarusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua kubwa. Basi. Msaidizi wa pili, wa tatu, wa kumi, hawaongezi kitu.

Tumelelewa kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli tupu, na watungaji wa 2014 wamesema upande wake wa pili: vidole kumi havimvunji kuliko viwili. Kwa chawa wako sawa. Kwa kufungua kufuli, kumfunga jeraha mgonjwa, kusoma alama za nyayo, msaidizi mmoja makini ni neema na wa tano ni kelele. Kitabu kinakwenda mbali zaidi kwa kukumbusha kwamba kuna kazi, kama kutunga uzi kwenye sindano, ambazo hata mtu wa pili hana la kuchangia.

Hesabu ya dadu mbili ina mambo yake. Rudini kwenye mlango wa ugumu 15. Pandikizi peke yake: asilimia 50. Raia wa kawaida peke yake: asilimia 30. Raia akiwa na msaidizi mmoja: asilimia 51. Kwa hiyo watu wawili wa kawaida wanaoshikamana wanampita, kwa pointi moja, pandikizi aliyekataa kusaidiwa. Sidhani kama watungaji walipanga iwe pointi moja hasa, lakini ndivyo ilivyo, na majigambo mengi mezani yangepungua kama kila mtu angeijua.

Upande mwingine ni mchungu. Dadu mbili haziongezi dari. Mtu wa nguvu 10 asiye na nyongeza akiwa mbele ya jiwe la ugumu 25, dadu yake kubwa kuliko zote ni 20. Msaidie mara mia, halisogei. Mleteeni watu tisa wa kumpiga jeki, halisogei. Halafu mfungueni ukurasa wa mizigo wa kitabu hicho hicho: kila mmoja anasukuma kilo 136, kumi wanasukuma kilo 1,360. Kwa ukurasa mmoja jiwe la tani moja halitikisiki hadi kiyama. Kwa ukurasa mwingine linaondoka kama mchezo. Kitabu kimoja, majibu mawili, na hakuna mahali kinaposuluhisha.

Msimamizi mchanga hapo hubabaika. Asibabaike. Kurasa hizo mbili zinajibu maswali mawili. Ukurasa wa mizigo unajibu: je, nguvu iliyopo inatosha? Dadu inajibu: je, itatumika vizuri, sasa hivi, huku mto unakuja? Palipo na muda, na mzigo unaoshikika na kila mtu, jumlisha kilo na usiguse dadu. Palipo na haraka, utelezi, giza au adui, rusha.

Mwaka 2024 kanuni ziliguswa tena: anayetaka kumsaidia mwenzake katika jaribio lazima awe na ujuzi anaouleta mezani. Hakuna tena kusema "nasaidia" kwa sababu tu umesimama karibu. Ni hatua njema, ingawa mimi ningeweka kali zaidi. Kwenye meza yangu neno "nasaidia" halisikiki mpaka mchezaji aseme mkono wake uko wapi. Ameshika kamba? Ameweka jiwe chini ya gurudumu? Anamulika tochi? Asipojua mkono wake uko wapi, hasaidii. Anapiga soga karibu na kazi.

Na je, dunia yenyewe inasemaje? Kuna mtu alipima. Maximilien Ringelmann, Mfaransa aliyefundisha uhandisi wa kilimo, aliwavutisha wanaume kamba na kupima nguvu zao, kazi aliyoichapisha mwaka 1913. Mtu akivuta peke yake alitoa wastani wa kilo 85. Wakiwa saba, kila mmoja alitoa kilo 65. Wakiwa 14, kila mmoja kilo 61. Yaani wanaume 14 walivuta kana kwamba wako 10. Wanne hawakuondoka, walikuwepo wameshika kamba na jasho linawatoka, lakini nguvu yao ilipotea njiani.

Inapotelea wapi? Ringelmann aliona zaidi kasoro ya kupatana: huyu anavuta wakati yule anavuta pumzi. Mwaka 1974, mwaka ule ule wa kisanduku cha Gygax na Arneson, Alan Ingham na wenzake huko Marekani walifanya ujanja. Walimfunga mtu macho wakamwaminisha kwamba nyuma yake kuna wenzake wanaovuta naye, kumbe ni yeye pekee anayevuta. Hapakuwa na wa kukosana naye mdundo. Bado alivuta kwa uchache kuliko alipojua anavuta peke yake. Kwa hiyo sehemu ya nguvu hupotea kwa kutopatana, na sehemu hupotea kwa kutegeana, na ya pili haimhitaji hata mtegewa avute.

Waliowahi kuvuta kamba shuleni wanalijua hili mikononi. Mchezo huo ulikuwa wa Olimpiki tangu 1900 hadi 1920, na wafanyakazi wa kaunti zetu bado wanaushindania kila mara michezo ya KICOSCA inapofika. Timu inayoshinda mara nyingi si ile ya wanene. Ni ile yenye mtu mmoja pembeni asiyeigusa kamba, anayepiga kelele kwa kipimo, na wenzake wakaegemea wote kwa sekunde moja.

Mtu huyo wa pembeni hana mahali kwenye karatasi za mchezo. Nguvu yake yaweza kuwa 6, na wala hahitaji kuitumia. Kanuni ya 2014 ingemwita msaidizi na kumpa mvutaji dadu ya pili, sawa na yeyote mwingine. Kanuni ya 2000 ingemrushisha dhidi ya 10 kisha impe 2. Zote zinamdharau. Yeye haongezi nguvu ya mmoja. Anarudisha ile iliyokuwa inapotea kwa wote.

Hapa kaskazini tuna kazi iliyojengwa juu ya mtu huyo. Nazungumzia visima. Visima virefu vya Waborana, vile vinavyoitwa tula, ambavyo maarufu zaidi viko upande wa kusini mwa Ethiopia, vinateremka mita 20 na zaidi. Maji hayavutwi na pandikizi mmoja mwenye kamba ndefu. Watu hupangwa kuanzia majini hadi juu, mmoja juu ya mwenzake, kila mmoja kwenye kidato chake, na ndoo za ngozi hupanda zikipokewa na kushushwa tupu kwa mtiririko usiokatika, huku wakiimba. Wimbo ndio unaoamua ndoo inaachiliwa lini. Wasamburu nao, wanapochimba visima kwenye mchanga wa laga, yaani mto wa msimu uliokauka, huimba wakipandisha maji, na ng'ombe wa boma fulani huutambua wimbo wa wenyewe wakasogea kwenye birika.

Mnyororo huo uchambueni kwa macho ya mchezo. Nguvu haijumlishwi hata kidogo: ndoo ni ile ile, na kila mmoja anainua ndoo moja. Kumweka mtu wa nguvu 18 katikati hakuharakishi kitu, maana atasubiri ndoo kutoka chini na atamsubiri wa juu aipokee. Kumweka mtu wa nguvu 6 katikati kunavuruga safu nzima. Ni kazi inayofuata mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote. Kwa hiyo maarifa yako katika kupanga: nani asimame kidato gani, nani apumzishwe lini. Juu ya hayo kuna utaratibu wa watu: aba konfi, mwenye kisima, ambacho kinahesabiwa kuwa cha ukoo wa aliyekianzisha, na aba herega, anayesimamia zamu za kunywesha siku kwa siku, mifugo ya nani itangulie na ya nani ingoje. Aba herega asiyejua kazi yake, maji yapo na ng'ombe wanakufa.

Mwanasaikolojia mmoja, Ivan Steiner, mwaka 1972 alizipanga kazi za vikundi kwa namna inayofanana sana na hii. Kuna zinazojumlisha, kama kuvuta kamba. Kuna zinazomfuata aliye bora, kama kutegua kitendawili: mmoja akipata, wote wamepata. Kuna zinazomfuata aliye dhaifu, kama safu ya kisimani au kupita kando ya simba. Angewasikia wazee wa visima angeandika kitabu kifupi zaidi.

Toleo la 2014 lina kanuni moja ya kundi zima, na ndiyo ile ya asilimia 69: kila mtu anarusha, na nusu yao wakifaulu, kundi limefaulu. Ni kanuni ya kati na kati. Inawapa wenye nguvu nafasi ya kuwafidia wenzao, inayofaa kwa kuvuka bonde lenye matope ambapo mmoja anaweza kumvuta mwingine. Lakini wasimamizi huimwaga kila mahali, hata kwa kunyatia, kisha wanashangaa kwa nini askari mwenye vyuma mwilini vinavyogongana amempita mlinzi aliye macho. Wengine wanakosea upande wa pili: wanamlazimisha kila mtu arushe na wanataka wote wafaulu, bila kujua wamewapa watu wanne nafasi ya asilimia 6. Huo si ugumu, ni hukumu.

Nimalizie na meza, kwa sababu baadhi yenu mtasimamia michezo wiki hii hii. Wahusika wanne wanatoka Merti kuja Isiolo na pikapu. Nguvu zao: 18, 10, 10 na 8. Gari limezama kwenye mchanga wa laga, na mawingu yamejaa upande wa milimani. Msimamizi mvivu anasema: rusheni nguvu, ugumu 20. Pandikizi anasaidiwa na mmoja, anapata asilimia 44 hivi, wawili wengine wanatazama simu zao.

Msimamizi ninayemtaka anaivunja kazi. Kusikia maji yanayokuja kutoka juu: kila mtu arushe, mmoja akisikia wote wameonywa. Kupakua mizigo nyuma ya gari: hakuna dadu, jumlisha kilo wanazobeba, kisha wahesabu safari na dakika. Kusukuma kwenyewe: wamepachika mabega watatu, kwa sababu nyuma ya pikapu hapatoshi wanne, na nusu ya kundi ikifaulu gari limesogea. Yule wa nguvu 8 aulizwe anasimama wapi. Akisema anakaa kwenye usukani na kupiga honi kwa kipimo, kila honi ikiwa ni msukumo mmoja, msimpe dadu ya pili mtu mmoja tu. Wapunguzieni ugumu wote watatu, kwa 2 au hata 5, mkijua mmetoka nje ya kitabu na mmefanya vizuri.

Na kabla hamjarusha, mwambieni kila mmoja waziwazi gari likirudi nyuma litampata nani. Wale watatu wa nyuma wako kama wale watatu wa mlango wa 1974: mabega yao yako kazini, hawawezi kuwahi kuruka. Mmoja wao akiamua kuondoka na kwenda kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, nafasi ya kusukuma inashuka na hatari ya wawili waliobaki inapungua. Acheni wabishane. Huko ndiko mchezo uliko, na msimamizi hana haraka. Ni maji tu ndiyo yana haraka, na hayo mnayashusha nyinyi wenyewe mnapoona wamebishana vya kutosha.